Mume yuko Muscat anataka kuona mtoto akizaliwa kwa simu, hospitali imekataa. Nifanyeje?

MamaKijacho36
Wanajamvi, habari za jioni. Nina wiki 36, mimba ya kwanza, nahudhuria kliniki hapa Tanga mjini. Mume wangu yuko Muscat tangu mwezi wa pili na mkataba haumpi likizo mpaka mwaka uishe. Ameshajiwekea kichwani kwamba lazima amwone mwanawe anavyotoka. Nitaingia leba na wifi yangu, na yeye ndiye kapangiwa kushika simu.

Jumanne nikamuuliza sista. Akaacha kuandika kwenye kadi yangu, akanitazama: "Simu inabaki kwenye begi pamoja na khanga zako. Mtoto akishafutwa na kufunikwa, pigeni picha mpaka chaji iishe."

Mume kawaka. Mke wake, mtoto wake, bili analipa yeye, wanamzuia kwa sheria gani? Sasa anataka nihamie hospitali nyingine ya binafsi, eti rafiki yake alirekodi mwanzo mwisho.

Na mimi, niseme ukweli, sijui kama nataka. Nikimuwaza wifi kasimama miguuni pangu na simu, mwili unasisimka. Nikitamka hivyo ataona namnyima makusudi. Nawasilisha.

Mzee wa Ngamiani
Mimi wa kwanza niliambiwa "ni kidume" kwa simu ya mezani ya jirani, tena jirani mwenyewe kanipa habari kabla sijashika mkono wa simu. Kijana yuko chuo sasa.

SuriToOman
Simu ya video ya WhatsApp huku Oman huwa inagoma, dada. Utajifungua mwenzio anakwambia "ngoja, inazunguka."

Sista_Zamu_ya_Usiku
Mdogo wangu, mimi ni mkunga. Nikueleze dakika moja tu. Mtoto akitoka namweka tumboni kwako, namkausha, namsugua mgongo, nasikiliza analia au halii. Asipopumua, ndani ya dakika hiyo hiyo niwe nimeshaanza kumpumulisha kwa ambu, ule mfuko wa kusukumia hewa. Tunaiita dakika ya dhahabu. Hapo hapo wewe unatakiwa uchomwe oksitosini pajani ili damu isikutoke nyingi. Mikono ninayo miwili. Mwenye simu hutafuta pembe nzuri, na pembe nzuri huwa ndipo ninapotaka kusimama mimi.

Na nisifiche, wapo wenzangu wanaoiogopa kamera kwa sababu ya midomo yao wanapowasemesha wajawazito. Hilo lipo, na hapo wazazi mna haki ya kulalamika.

Binti_Makorora
Mimi dada yangu alirekodi kwa kuiba, wodi ya watu wengi, kitanda na kitanda pazia. Nimefika nyumbani nafungua nisikie mwanangu alivyolia. Kilio chake hata hakisikiki vizuri. Anayesikika ni wa kitanda cha pili, anamwita mama yake, na nesi anamtaja jina lake na la baba yake. Yule mwenzangu alitoka pale mikono mitupu. Nilikuwa nimeshamtumia video mama mkwe na shangazi wawili. Kuwapigia mmoja mmoja wafute ilikuwa aibu, na sina uhakika kama wote walifuta.

Wakili_Kibarazani
Dada, mimi sijui kifungu kinachotaja simu leba. Huo ni utaratibu wa hospitali yenyewe. Ila una mzizi. Faragha iko ibara ya 16 ya Katiba, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi nyeti. Inawabana na wao pia: mwanafunzi wa mafunzo akitaka kukupiga picha "ya kujifunzia", akuombe, na una haki ya kukataa.

La bili, mwambie mume taratibu: kulipa hakumpi ridhaa ya mwili wako. Hiyo ni yako peke yako, hata hospitali ikiruhusu.

Mama_Houston
Msidhani ughaibuni ni huria. Marekani kila hospitali ina yake. Nilipojifungulia mimi walituruhusu picha kabla na baada, lakini kichwa kilipoanza kuonekana nesi akamwambia mume wangu ashushe simu. Wanaogopa kesi. Akashusha, akanishika mkono. Simlaumu nesi hata kidogo, maana kabla ya hapo mkono wangu ulikuwa haujashikwa na mtu.

Sista_Zamu_ya_Usiku
Usihame hospitali wiki ya 36 kwa ajili ya video. Fika mapema, muombe mkunga wa zamu siku hiyo. Mtoto anakaa kifuani kwako saa nzima ya kwanza kama wote mko salama. Hapo wifi apige kuanzia kifuani kwenda juu, wahudumu wasitokee bila kuulizwa.

MamaKijacho36
Nimerudi. Jana usiku nilimwambia yote, na lile la kwamba mimi mwenyewe sitaki. Akanyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Kisha akasema video ilikuwa ya rafiki zake. Kinachomuuma ni kwamba baba mwingine ndiye atakayemuadhinia mwanawe. Sikuwa nimelifikiria hilo hata siku moja.

Tumekubaliana baba mkwe ndiye ataadhini sikioni, na mume awe kwenye simu ya kawaida anasikiliza. Sista kasema hilo halina shida, tukishahamishiwa wodini.

Wifi nimemwambia simu yake iingie ikiwa imezimwa. Amenuna, alishanunua kishikio cha simu.