Kilo zangu si kipimo cha wokovu wangu: nimechoka na washirika wanaohukumu miili ya wenzao

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Nimeokoka, nampenda Mungu na nalipenda kanisa langu, ndiyo maana jambo hili linaniuma kuliko kama lingefanywa na watu wasionijua. Kanisani kwetu ukinenepa unaambiwa umeshindwa kujitawala, una roho ya ulafi, unakula kwa sababu huna furaha. Ukikonda unaambiwa huna amani, ndoa imekushinda, au kuna jambo unalificha. Hakuna mwili unaopita salama mbele ya macho ya hawa watu, na kila neno la kuumiza linatanguliwa na "nakwambia kwa upendo, mpendwa".

Mimi ni mnene. Mama yangu ni mnene, na bibi mzaa mama alikuwa mnene mpaka anaingia kaburini, mwanamke aliyeamka alfajiri kuomba maisha yake yote. Naimba sauti ya pili kwenye kwaya. Juzi tulikuwa tunapimwa sare mpya kwa ajili ya kurekodi. Dada wa kamati akanizungushia utepe kiunoni, akaisoma namba kwa sauti ili aliyekuwa na daftari upande wa pili wa ukumbi aisikie, halafu akairudia akiongeza, "Andika vizuri, kitambaa cha huyu ni cha watu wawili." Watu wakacheka. Hata waliokuwa wanapanga viti wakageuka kunitazama. Siku ya kurekodi nikaambiwa nisimame nyuma kabisa, nyuma ya wanaume wa besi, mahali ambapo hata mkono wa mwalimu wa kwaya siuoni. Sababu niliyopewa ni kwamba tunataka picha itoke vizuri ili watu wavutiwe na huduma. Yaani nina sauti inayofaa kumsifu Mungu, ila mwili wangu unaharibu huduma yake! Nani aliyewafundisha hivyo?

Kuchekwa nimezoea tangu shuleni. Kinachonichoma ni kuamuliwa kwamba sina furaha. Mama mmoja wa kikundi cha maombi alinishika mkono baada ya ibada akaniambia Mungu amemwonyesha kwamba ninakula ili kujaza pengo moyoni. Pengo lipi? Nina mume tunayependana, nina watoto wenye afya, nina kazi, nalala usingizi. Nikimwambia nina furaha ananitazama kwa huruma kama vile namdanganya. Ameshaamua, na ushahidi wake ni mwili wangu basi. Furaha yangu ingekuwa salama kabisa kama wasingekuwa wanaichokonoa kila Jumapili mlangoni.

Sasa niwaambie jambo lililonifanya nianzishe uzi huu, kwa sababu hili si la hisia zangu tu.

Tuna dada mmoja pale kanisani aliyekuwa na mwili kama wangu. Akaanza kupungua. Tulipomaliza mfungo wa mwanzo wa mwaka akawa amepungua sana, na kanisa zima likashangilia. Akaitwa mbele atoe ushuhuda. Aliyekuwa anaongoza ibada akasema huu ndio mfano wa mtu aliyemwachia Mungu atawale mdomo wake, watu wakapiga makofi na vigelegele. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mbele, nikamwona ameshika kipaza sauti kwa mikono miwili na midomo imemkauka, kila baada ya sentensi anakunywa maji kutoka kwenye chupa aliyokuwa nayo. Akamaliza ile chupa pale pale mbele yetu. Hakuna aliyejiuliza. Baadaye alianguka nyumbani kwake, akapelekwa hospitali, sukari ikakutwa imepanda kiasi cha kuhatarisha maisha. Alikuwa na kisukari na hakujua. Kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara, kupungua uzito bila kukusudia: hizo ni dalili ambazo muuguzi yeyote angezitambua. Sukari inapobaki kwenye damu bila kuingia kwenye chembe za mwili, mwili unaanza kujila wenyewe, unachoma mafuta na misuli. Kile tulichokipigia makofi kilikuwa ni ugonjwa.

Nilipomtembelea wodini akaniambia alikuwa anajisikia vibaya muda mrefu, ila kila alipokwenda watu walimsifu jinsi alivyopendeza, akaona aibu kulalamika. Aibu! Mtu anakaribia kufa huku akiona aibu kusema anaumwa, kwa sababu kanisa limeshamtangaza kuwa muujiza. Na hadi leo hakuna kiongozi aliyesimama mbele ya wale wale waliopiga makofi akasema tulikosea.

Badala yake mwaka huu wameongeza. Kiongozi wa kikundi kimoja ametangaza kwamba safari hii tukianza kufunga kila mtu apime uzito, tukimaliza apime tena, matokeo yawekwe kwenye kundi la WhatsApp "ili kutiana moyo". Mathayo 6:16-18 hawaisomi? Yesu alisema unapofunga ujipake mafuta kichwani na unawe uso, ili watu wasikuone kuwa unafunga, bali Baba yako aliye sirini. Sisi tunataka kuweka kilo za watu hadharani. Huo si mfungo tena, ni mashindano ya kupungua yaliyovikwa vazi la ibada. Na humo kundini kuna mama anayenyonyesha, kuna wazee wa presha, kuna huyo dada wa kisukari ambaye akifunga ovyo huku anatumia dawa sukari inaweza kushuka akazimia.

Halafu ule mstari wa mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Nimepigwa nao mpaka nimeukariri. 1 Wakorintho 6:19. Sasa rudini mstari mmoja nyuma, 6:18: "Ikimbieni zinaa." Paulo hapo anaongea na Wakorintho kuhusu zinaa, kuanzia mstari wa 12 mpaka mwisho wa sura anakwenda huko. Nakubali mwili ni wa kutunzwa, lakini mbona mstari uliosemwa kuhusu zinaa unaletwa kwangu mimi niliyetulia na mume wangu, na wale ambao kila mtu anajua habari zao wanaimba mstari wa mbele kwa kuwa wana viuno vyembamba?

Na Yesu mwenyewe hakusalimika. Mathayo 11:19, walimwita mlafi na mlevi, rafiki wa watoza ushuru na wenye dhambi. Walimwona anakula na watu wasiowataka, wakamhukumu kwa sahani. Na walionung'unika kwamba anakula na wenye dhambi walikuwa watu wa dini, wanaofunga na kuomba. Tunajua waliishia upande gani wa habari.

Tena neno ulafi linatupwa na watu wasiojua historia yake. Mtawa Evagrius Ponticus, aliyeishi jangwani Misri karne ya 4, aliuweka ulafi wa kwanza katika orodha yake ya mawazo mabaya manane. Alikuwa anawaandikia watawa waliokula kidogo mno, watu waliokonda kwa kujinyima, kwa sababu shida aliyoiona ni akili kushikwa na chakula: kuhangaikia tumbo, kuogopa kuugua kwa ajili ya kufunga. Baadaye Papa Gregori Mkuu, aliyeongoza kuanzia mwaka 590 hadi 604, akaeleza njia tano za ulafi: kula kabla ya wakati, kutaka vya gharama, kutaka vilivyoandaliwa kwa anasa, kula kupita kiasi, na kula kwa pupa. Tazameni vizuri. Kiasi ni njia moja tu kati ya tano, na ukubwa wa mwili haumo kabisa. Mtu mwembamba anayesusa chakula kwenye ugeni kwa kuwa hakijapikwa anavyotaka, kwa kipimo hicho yumo. Tomaso wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13 ambaye sifa ya mwili mkubwa imemfuata mpaka leo, alitangazwa mtakatifu mwaka 1323. Sisi si Wakatoliki, lakini hao ndio waliokaa chini wakalichambua jambo hili karne nyingi kabla ya hawa wetu wanaotoa pepo la ulafi kwa kumwangalia mtu kiuno.

Kuna wanaosema ukipungua ndipo utapata furaha. Wasome habari za wale vijana 36 wa Marekani waliojitolea kwenye utafiti wa njaa katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mwaka 1944 na 1945, chini ya mwanasayansi Ancel Keys. Walikuwa watu waliokataa kushika silaha vitani, wengi wao kwa sababu ya imani: Waquaker, Wamennonite, washirika wa Kanisa la Ndugu. Watu wa maombi na wa msimamo. Walipunguziwa chakula kwa miezi sita, wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Furaha haikuja. Wakawa na huzuni, hasira za ghafla, wakajitenga na wenzao, wakawa wanawaza chakula mchana na usiku. Imani yao haikuwa imepotea, miili yao ilikuwa na njaa. Kwa hiyo mnapomwona mtu anajinyima mpaka anakuwa mkali na mnyonge, msikimbilie kumwombea atokwe na roho ya uchungu.

Huyo huyo Keys, mwaka 1972, ndiye aliyekipa jina la BMI kile kipimo cha kulinganisha uzito na urefu ambacho kijana mmoja wa kwetu anatupigia hesabu kwenye simu baada ya ibada. Hesabu yenyewe ilibuniwa miaka ya 1830 na Mbelgiji Adolphe Quetelet, mtaalamu wa hisabati na nyota, aliyekuwa anatafuta wastani wa watu wengi kwa pamoja. Haikutengenezwa kusoma afya ya mtu mmoja, sembuse roho yake.

Najua kabisa kwamba unene uliozidi unaongeza hatari ya kisukari, presha na magonjwa ya moyo. Sihitaji kukumbushwa, nina daktari, napima, natembea, tunaongea naye kwa heshima. Lakini huyo daktari anauliza kabla ya kusema. Anajua kuna urithi wa damu, kuna tezi ya shingoni inayofanya kazi pungufu, kuna vidonge vya steroidi wanavyomeza wenye pumu kali na lupasi (ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe), kuna dawa za msongo na magonjwa ya akili zinazoongeza uzito, kuna homoni za ukomo wa hedhi. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2022 mtu 1 kati ya kila 8 duniani alikuwa na unene uliokithiri. Wote hao wana pepo moja? Na mwaka 2020 wataalamu wa nchi mbalimbali walitoa tamko la pamoja kwamba kuwaaibisha watu kwa uzito wao kunadhuru mwili na akili, na kunawafanya waogope hata kwenda kutibiwa. Sisi tumeshaliona hilo kwa macho yetu, kwa yule dada na chupa yake ya maji.

Wembamba nao nawasemea. Rafiki yangu mmoja pale ana tezi inayofanya kazi kupita kiasi, anakula vizuri na haongezeki. Ameshawekewa mikono na kuombewa kwa maradhi ambayo hana, mbele za watu, bila kuulizwa. Ameshaulizwa kama mume anampiga. Siku hizi anakuja ibada ikiwa imeanza na anatoka kabla ya baraka za mwisho, ili asikutane na mtu mlangoni. Mnaona mnavyopoteza kondoo?

1 Samweli 16:7 tunaihubiri kila mwaka, Samweli anamtazama Eliabu, urefu na umbo, na Mungu anamkatalia. Tunasema amina kwa nguvu, halafu tunatoka nje na la kwanza kumwambia mwenzetu ni "umenenepa" au "umeisha".

Nimeandika barua kwa mchungaji na baraza la wazee. Nataka mambo matatu: upimaji wa kilo kwenye mfungo ufutwe, ushuhuda wa kupungua uzito usitolewe tena madhabahuni, na yule dada aombwe radhi mbele ya kanisa lililomshangilia. La sare na la kusimamishwa nyuma nitaongea na mwalimu wa kwaya mwenyewe ana kwa ana. Mume wangu anasema nisubiri mkutano mkuu, mimi naona kusubiri ni kuwapa nafasi ya kuanza huo mfungo. Waliowahi kupeleka jambo la namna hii kwa wazee wa kanisa na likasikilizwa, naomba mniambie mliingilia wapi na nani mlimwona kwanza. Na wale mnaokuja kuniambia "punguza tu, dada", msijisumbue, sitawajibu.