Naomba ushauri: watoto kuwahoji wazee kuhusu zama za karafuu

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nipo Pemba, upande wa Wete, nasomesha darasa la sita. Nataka watoto wawaulize wazee wa mtaani maisha ya mashambani yalivyokuwa: kuchuma, kuchambua makonyo (vikonyo vya karafuu), kuanika majamvini, kulipwa kwa pishi (kipimo cha ujazo). Wazee wenyewe wapo tayari, tena kuzungumza wanapenda.

Tabu iko kwa watoto. Wanasoma maswali kwenye daftari kama karani wa sensa. "Bibi, ulichuma karafuu?" Bibi anajibu "Ehe", mtoto anaandika "ndiyo", anarukia la pili. Nimewaambia waulize "ilikuwaje" na "hebu nihadithie", lakini bibi akitaja jambo tamu, mathalani nyimbo walizoimba wakichambua usiku, hakuna anayemfuatisha hapo hapo. Na adabu tuliyowalea nayo, ya kutomhojihoji mkubwa, inawafunga mdomo. Sitaki kuivunja.

La pili ni zito zaidi. Mazungumzo ya mashamba hayaendi mbali kabla ya kufika Mapinduzi ya 1964 na ugawaji wa ardhi, eka tatu tatu, uliofuata. Humu mwetu kuna waliopewa na walionyang'anywa, na wajukuu wao wanakaa dawati moja. Niwakataze watoto wasiulize, au nimwachie mzee aamue mwenyewe?

Kurekodi ni kwa simu yangu, kwa idhini ya mzee. Aliyewahi kufanya na watoto wa umri huu, ulianza na mazoezi gani darasani?