Windows 10, Windows 11 au Linux kwa kompyuta ya steshenari? (Niko Tanga)

MamaMachungwa
Habari za jioni wakuu. Nina steshenari ndogo hapa Ngamiani. Nachapa, natoa kopi, nawajazia vijana maombi ya ajira mtandaoni. Kompyuta imenichosha na apdeti zake. Mteja kasimama na cheti mkononi, mashine inaniambia inajisasisha, nisiizime. Ikirudi, printa haionekani. Bando la asubuhi, adhuhuri halipo. Nataka niamue wiki hii: nibaki na hii Windows 10, nipande 11, ninunue kompyuta nyingine iliyotumika, au niiache Windows nihamie hiyo Linux, mfumo mwingine mnaousifia? Nijibiwe na anayeijua kazi, kejeli sitaki.

FundiChuda
Shikamoo mama. Hujasema kompyuta ni ipi. Prosesa kizazi gani, RAM kiasi gani, diski ni SSD ya chipu au ile ya kuzunguka, printa aina gani, intaneti ya simu au ya waya? Bila hayo tutapiga ramli tu.

KijanaWaKange
Linux Mint, aina moja ya Linux. Uzi ufungwe.

Mzee_wa_Katani
Ufungwe wapi na mwenyewe hajajibu? Nyie vijana mtu akiuliza bei ya dagaa mtamwambia aweke Mint.

MamaMachungwa
Marahaba fundi. Ni desktopu, kibandiko kinasema i5-6500. RAM 8. Diski sijui ila inaunguruma. Intaneti ni hotspoti ya simu yangu.

FundiChuda
Hapo sawa. Hiyo 6 baada ya kistari ndiyo kizazi. Windows 11 inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kuna njia za kuilazimisha na watu wanazitumia, lakini Microsoft hawakuahidi kuendelea kuipa apdeti mashine iliyoingizwa kwa dirisha. Kwa kompyuta ya biashara mimi siweki.

Windows 10 nayo msaada wake uliisha 14 Oktoba 2025. Kuna nyongeza ya apdeti za usalama mpaka 13 Oktoba 2026: unalipa dola 30, au bila malipo ukiingia na akaunti ya Microsoft na kukubali mipangilio yako ihifadhiwe huko. Inabidi uwe kwenye toleo la 22H2.

Kuhusu bando: ingia kwenye mipangilio ya mtandao, fungua jina la hotspoti yako, washa "Metered connection". Apdeti nyingi zitaacha kujishusha zenyewe. Halafu tafuta "Delivery Optimization" uzime. Hiyo ikiwa imewashwa, kompyuta yako inaweza kuwarushia wengine vipande vya apdeti kwa bando lako wewe.

MamaMachungwa
Yaani nilikuwa nawanunulia watu bando? Haya.

Asha_wa_Makorora
Mimi sina upande, ila ngojeni niwape kisa. Nilikuwa namchapia mwanafunzi ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo, majedwali na picha tele, kuwasilisha ni kesho yake asubuhi. Jioni nazima mashine, ikaniandikia nisiizime, inajisasisha. Nikaiacha, nikafunga mlango nikaenda zangu. Usiku umeme ukakatika mtaa mzima, na UPS ya kushikilia umeme ukikatika sina. Asubuhi naiwasha: inafika kwenye nembo, inazunguka weee, inajizima, inaanza tena. Mwanafunzi yuko kibarazani hasemi kitu, ananitazama tu.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja. Nikamwambia, baba, faili kwanza, mengine baadaye. Akaitikia ndiyo, ndiyo. Jioni ananirudishia mashine safi, Windows mpya, na D yangu, sehemu ya diski ninapoweka faili, nayo kaifomati "ili iwe nyepesi". Kadi za harusi, barua za serikali ya mtaa, fomu za vikoba, vyote vimekwenda. Kumuuliza, ananiambia nishukuru mashine imepona! Yule mwanafunzi aliomba siku za nyongeza akapewa, lakini kwangu hajakanyaga tena, wala wenzake wa darasani.

FundiChuda
Dada Asha pole. Huyo si fundi. Diski unaichomoa, unaichomeka kwenye mashine nyingine, unanakili faili, ndipo unapiga Windows.

Mzee_wa_Katani
Tanga yetu waja leo waondoka leo, lakini apdeti mbovu ikija inahamia na virago vyake.

KijanaWaKange
Ndiyo maana nasema Mint. Haijiwashi upya mpaka wewe utake, na ina Timeshift: ukiiwasha, apdeti ikiharibu unairudisha ilivyokuwa jana. Kumbukeni Julai 2024 apdeti ya Windows ilivyolaza ndege dunia nzima.

Raskazone_Kwetu
Ile haikuwa apdeti ya Windows. Lilikuwa faili la programu ya usalama ya CrowdStrike, likaangusha kompyuta za Windows kama milioni 8.5. Ukitaka ya Windows yenyewe taja ya Oktoba 2018, ile iliyofuta nyaraka za watu mpaka Microsoft wakaisimamisha.

KijanaWaKange
Si zilizolala ni Windows? Basi.

Raskazone_Kwetu
Gari likigongwa utasema limejigonga?

FundiChuda
Turudini kwa mama. Hiyo diski inayounguruma ni ya kuzunguka. Apdeti ikiingia lazima mashine igande, mfumo wowote ule. Weka SSD kwanza. Na printa hujatutajia bado. Kama ni HP, kwenye Linux nyingi zinakubali kwa programu ya HPLIP, aina nyingine inategemea modeli. Kuna kitu kingine unachotegemea?

MamaMachungwa
Kadi zote za harusi, za michango na ratiba za hitima nazitengeneza kwenye Publisher, ile programu ya Microsoft ya kupangia kadi. Bila Publisher sina kazi.

FundiChuda
Aah, mama, hilo ungeanza nalo. Publisher haipo kwenye Linux. Programu ya LibreOffice Draw inafungua faili zake, ila maandishi yanahamahama na fonti zinabadilika. Na kibaya zaidi, Microsoft wanaiondoa Publisher yenyewe Oktoba 2026. Windows yoyote utakayochagua, faili zako anza kuzigeuza PDF, zile za muhimu uzihamishie Word.

Asha_wa_Makorora
Publisher inaondoka? Nani kasema?

KijanaWaKange
Tumieni Canva, ile ya mtandaoni.

Mzee_wa_Katani
Canva kwa hotspoti ya simu, umeme ukiwa umekatika. Endelea, tunakusikiliza.

MamaMachungwa
Mmenichanganya. Kwa hiyo ninunue ya kizazi cha 8?

FundiChuda
Ukinunua, cha 8 kwenda juu, uwashe mwenyewe dukani ukaangalie kama TPM 2.0 ipo. Wapo wanaobandika stika ya 11 kwenye kizazi cha 6. Nitumie picha ya printa faragha.

Asha_wa_Makorora
Fundi, na mimi hizo kadi za Publisher nazigeuzaje PDF zote kwa mkupuo? Maana nimeshaanza kuzitengeneza upya, ni nyingi.

Raskazone_Kwetu
Anayejua UPS ya kubeba desktopu na printa ya leza aseme. Yangu nikichapa tu inapiga kelele na kuzima.

FundiChuda
Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS, inavuta umeme mwingi inapopasha moto. Iache ukutani.

Juma_Muheza
Mama, hiyo i5-6500 ukiiuza nishtue. Nije na machungwa au pesa taslimu?