Mjadala: Data ya majaribio iandikwe wazi, au tuziachie fanksheni saidizi?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kuna jambo linagawanya timu nyingi za waandika programu. Tunapoandika majaribio ya kujiendesha (programu ndogo zinazokagua programu yetu), data ya kujaribia iandikwe wazi ndani ya kila jaribio, au itengenezwe na fanksheni saidizi ambazo majaribio yote yanaziita?

Msimamo wangu: fanksheni saidizi zitumike, ila thamani yoyote inayoamua jaribio lifaulu au lifeli lazima ionekane ndani ya jaribio lenyewe.

Chukueni programu ya SACCOS inayomruhusu mwanachama kukopa hadi mara tatu ya akiba yake. Jaribio linasema `mwanachama = tengenezaMwanachama()`, kisha `ombaMkopo(mwanachama, 900000)`, halafu linadai ombi likataliwe. Likataliwe kwa nini? Akiba ni shilingi ngapi? Jibu liko kwenye faili jingine, ambako chaguo-msingi la akiba (thamani inayotumika usipotaja nyingine) ni 250,000. Kesho mwenzako analipandisha hadi 400,000 kwa shida zake, na jaribio lako linaanguka ilhali kanuni ya mkopo haijaguswa.

Hapo angalau umeshtuka. Kinachonitisha zaidi ni kinyume chake. Mtu anabadilisha chaguo-msingi, mwanachama anaundwa akiwa bado hajaidhinishwa. Ombi linakataliwa kwa sababu hiyo, jaribio linabaki kijani (linahesabika limefaulu), na kanuni ya mara tatu inaweza kuharibika miezi bila yeyote kujua. Pesa za watu zinalindwa na jaribio ambalo halipimi kitu.

Tatizo hili lina jina, ambalo Arie van Deursen na wenzake walilitumia mwaka 2001 na Gerard Meszaros akalirudia kwenye kitabu chake cha majaribio cha 2007: Mystery Guest, mgeni asiyejulikana. Dawa ni ndogo: `tengenezaMwanachama(akiba=250000, ameidhinishwa=kweli)`, na jaribio likague pia sababu ya kukataliwa. Jina, simu na tawi vibaki chaguo-msingi, havihusiki.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umekwenda nusu ya safari. Hizo fanksheni zenyewe ndizo shida. Kwenye mradi wa lugha ya Ruby unaotumia factory_bot, maktaba ya kutengeneza data ya majaribio, unaomba mkopo mmoja tu. Mkopo unazaa mwanachama, mwanachama anazaa tawi, tawi linazaa meneja. Ulitaka kukagua hesabu ya riba, umeandika rekodi nne kwenye hifadhidata. Zidisha kwa majaribio yote uone timu inavyokaa kusubiri. Andikeni data wazi. Kwenye majaribio, kurudia si dhambi.

Mchangiaji wa pili

Si dhambi mpaka siku jedwali la wanachama linapoongezewa kipengele cha lazima, tuseme namba ya NIDA. Nani atapita kwenye mamia ya majaribio kukijaza? Mimi natumia mjenzi (builder, msimbo unaojenga kitu hatua kwa hatua), `mwanachama().mwenyeAkiba(250000).jenga()`, nikarekebisha sehemu moja. Na vinavyotumika na wengi naviweka kwenye `setUp` (sehemu inayoendeshwa kabla ya kila jaribio) ya darasa (class) zima la majaribio, yaishe.

Mleta mada

Kaka wa kwanza, unachokilalamikia ni kuandika kwenye hifadhidata, na kinatibika bila kuzifuta fanksheni. factory_bot hiyohiyo ina `build_stubbed`, inayokupa kitu kamili kwenye kumbukumbu bila kuhifadhi chochote. Hesabu ya riba haihitaji hifadhidata hata kidogo. Hifadhi pale tu unapojaribu hoja (query) ya hifadhidata yenyewe.

Wa pili, kwenye mjenzi tuko pamoja. Kwenye `setUp`, hapana, na hapa sirudi nyuma. Inaanza na mwanachama mmoja. Anayekuja anaongeza mdhamini, mwingine anaongeza mkopo uliochelewa, na baada ya muda hakuna anayethubutu kufuta mstari hata mmoja kwa sababu hajui ni jaribio gani linautegemea. `setUp` ifungue muunganisho na kuweka saa ya bandia. Wanachama na mikopo viundwe ndani ya jaribio linalovihitaji.

Ninapotaka mawazo yenu hasa ni hapa. Fanksheni ikifikisha vigezo kumi, wengine huigawa kwa hali: `mwanachamaAliyesimamishwa()`, `mwanachamaMwenyeDeni()`. Inasomeka vizuri, lakini ukitaka aliyesimamishwa na ana deni pia, unaandika ya tatu, na orodha haiishi. Mimi hapo nahamia kwenye mjenzi. Nyie mnahama lini, na mnaohama mapema hamwoni ni msimbo mwingi mno kwa programu ndogo?