Mnaofukia makaa mchangani usiku wa San Juan, mna akili timamu kweli?

Wakuu, mods naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa Wabongo walioko Hispania. Huu ni wa hasira na nataka usomwe peke yake.

Nyinyi mnaokuja A Coruña, mji huu wa pwani ya Hispania, usiku wa kuamkia 24 Juni kuwasha moto ufukweni, nani aliwaambia makaa yanazimwa kwa mchanga? Mtu anasukumia mchanga kwa mguu, akiona juu pamekuwa peupe anabeba spika yake anaondoka. Chini kule makaa bado mekundu! Mchanga unayafunika kama blanketi, joto linabaki humo humo masaa na masaa, na juu huoni moshi wala nini. Asubuhi saa mbili mwanangu wa miaka sita kakimbilia mpira pale ufukwe wa Riazor, kakanyaga. Unyayo umetoka lengelenge moja kuanzia chini ya vidole hadi katikati ya mguu. Na bado akatokea shangazi mmoja na dawa ya meno mkononi, eti tumpake! Maji ya bomba jamani, yatiririke dakika 20, kisha hospitali.

Kwa msioijua hii sherehe: ni usiku wa Mtakatifu Yohane. Fukwe za Riazor na Orzán zinajaa moto mwanzo mwisho, watu wanachoma sadini na kuzila kwa mkate, ikifika saa sita usiku wanaanza kuruka moto ili mikosi iishie pale. Ni jambo zuri, mimi mwenyewe nalipenda. Kuanzia 2015 hata serikali ya huku inaitambua kama sherehe ya kuvutia watalii wa kimataifa. Barcelona kuwasha moto ufukweni ni marufuku, watu wanabaki na fataki zao. Alicante wanachoma masanamu makubwa barabarani, na zimamoto wako pale pale na mipira ya maji. Huku sisi tumeachiwa uhuru wa kujiwashia wenyewe, na mnauchezea.

Halafu mapaleti. Mnayaokota nyuma ya maduka, mnayachoma na misumari yake yote. Mbao inaungua, msumari hauungui! Unabaki mchangani umesimama wima, unangoja mguu wa mtu. Wafanyakazi wa usafi wanaingia alfajiri na matrekta, lakini trekta halioni kila kitu. Chupa zilizovunjika ndiyo hata sizungumzii, nitatukana bure.

Kuna mtu kundini kaandika "mtoto angevaa viatu". Ufukweni? Mwezi wa sita? Bahari iko hatua chache, wewe umeshindwa kuchota ndoo mbili ukamwaga, ukakoroga, ukamwaga tena mpaka iache kufuka, halafu mtoto ndiye mwenye makosa?

Na msinijie na habari za "wenyeji nao wanafanya hivyo". Wapo, ndiyo, na wao nimewagombeza kwa Kihispania changu hiki hiki kibovu. Ila shimo lile lilikuwa la kwetu. Lilikuwa na maganda ya ndizi za kuchoma na mishikaki bado ina pilipili.

Mliokaa pale karibu na ngazi mnajijua. Mmeandika "pole sana" na viganja vya maombi, hakuna hata mmoja aliyepiga simu kuuliza mtoto analalaje. Nawasubiri hapa hapa, PM sifungui.