Koroboi, chemli au karabai: ipi nipande nayo mlimani Krismasi hii?

Mwana wa Uru
Wakuu, habari za jioni. Desemba ukoo mzima unapanda nyumbani, mlimani Kilimanjaro, na umeme ukikatika kule ndiyo basi tena. Nataka wanangu wauone usiku tuliokulia sisi, nimekwama kwenye taa tatu. Koroboi ndiyo iliyonisomesha: kopo la maziwa, utambi wa kitambaa, unasogeza daftari mpaka nywele za mbele zinaungua. Chemli ilikuwa ya Baba na wageni. Karabai kwetu halikuwepo, tulilifuata harusini. Leteni hoja.

Kibosho Juu
Chemli, bila ubishi. Ina kioo, upepo hauizimi, na ina kile kimkono cha kupandisha na kushusha utambi. Unatoka nayo usiku kumwangalia ng'ombe bila wasiwasi. Koroboi ndani ya banda la majani makavu? Mungu alitulinda tu. Shida yake ni kioo: tone moja la maji kikiwa cha moto, kwisha habari. Kila jioni kabla ya giza tulikipangusa masizi kwa gazeti, na kazi hiyo ilimwangukia mwenye mkono mdogo, maana ndiye anayeweza kuuingiza ndani. Kikivunjika, alijua kitakachomkuta.

Mama Wawili wa Tengeru
Kaka zangu mnasahau pua! Asubuhi darasani ukipenga kamasi jeusi, mwalimu anajua kwenu kuna koroboi. Sisi wengine hata hiyo ilikuwa anasa. Bibi anapika loshoro, chakula chetu cha mahindi na maziwa mgando, moshi unapanda kukausha mahindi darini, nasi tumejipanga kuzunguka mafiga na vitabu magotini. Kuni zikilegea, unasubiri zishike ndipo uendelee na hesabu. Kwa hiyo moto wa jikoni nao uingie kwenye mashindano: unapika, unapasha joto, unamulika, na hauna ushuru.

Fundi wa Kiboriloni
Karabai mnalisema kwa mbali. Unamimina spiriti kwenye kikombe chake, unawasha, bomba likishapata moto unapiga pampu, mafuta yanapanda yakiwa mvuke na kile kisoksi, kifuko cha nyuzi kinachotoa mwanga, kinawaka cheupe. Uwanja mzima unaonekana. Lakini kisoksi kikishaungua mara ya kwanza hubaki majivu matupu, ukiligonga taa kinadondoka. Tena linavuma usiku kucha. Ni taa ya harusi, msiba na duka, na lilikuwa na mzee wake wa kulihudumia. Mtoto hagusi.

Kibosho Juu
Kwetu taa ilifuata kahawa. Malipo ya chama cha msingi yakitoka, chemli inapata kioo kipya. Yakichelewa, tunarudi kwenye koroboi. Watu husema KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa Kilimanjaro cha tangu 1933, ilitusomesha kwa karo. Hawasemi kwamba hata mafuta ya kusomea yalitoka hukohuko.

Dogo wa Sakina
Shikamooni wazee. Sasa si kuna taa za sola? Unaianika juani, usiku inawaka, haina moshi wala harufu.

Mama Wawili wa Tengeru
Marahaba mwanangu. Ninayo, na kwa macho na mapafu inazishinda zote. Mwanangu asomee moto? Thubutu. Ila za sola kila mtu anabeba yake anaingia chumbani. Yetu ilikuwa moja, basi masomo, hadithi na ugomvi vyote vilikuwa mezani pale.

Fundi wa Kiboriloni
Mleta mada, kabla hujanunua chochote ulizia mafuta ya taa. Tangu serikali ipandishe ushuru wake mwaka 2011 ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli kwa kuichanganya na mafuta hayo, si mafuta ya maskini tena.

Mwana wa Uru
Nimeelewa. Nachukua chemli mbili, moja ya sebuleni, nyingine ya kwendea zizini. Koroboi nitachongesha moja tu, iwashwe uani, watoto waione na kuinusa, izimwe. Karabai shemeji anasema lipo darini kwao Marangu, ila halina kisoksi. Fundi, Kiboriloni vinapatikana?

Fundi wa Kiboriloni
Vipo kwa kubahatisha. Njoo siku ya soko, asubuhi mapema, na uje na karabai lenyewe. Visoksi vina saizi.