Chujio la laki nne kwa maji ya bomba Arusha: linatoa floraidi kweli?

Mama Abby, Kwa Mrombo

Wakuu habari za jioni. Nimehamia Arusha kutoka Tanga, nimepanga Kwa Mrombo. Nina mtoto wa mwaka na nusu. Maji ya bomba tunapata kwa mgao, mwenye nyumba ana simtank juu ya mnara, ndiyo inatuvusha. Bomba likirudi maji yanatoka na tope, baadaye yanatulia. Kuna siku yananuka dawa mpaka chai inabadilika ladha. Hayo yote nayachemsha, maisha yanaenda.

Kilichonikosesha amani ni meno. Binti wa jirani kazaliwa hapahapa, meno ya mbele yana michirizi ya kahawia, akicheka anaziba mdomo. Mama yake ananiambia, "Ndiyo maji ya huku, utazoea." Mimi nizoee, sawa. Mtoto je?

Nikaingia duka moja mjini. Muuzaji akanitolea chujio la kufunga chini ya sinki, mikebe mitatu myeupe, laki nne kasoro kidogo. Anasema linatoa kila kitu: vijidudu, floraidi, chumvi, dawa. Nikamuuliza floraidi, yale madini ya kwenye maji yanayotia meno madoa, inatolewa na mkebe upi. Akanionyesha boksi. Boksi lenyewe limeandikwa Kichina.

Ninunue? Au kuchemsha kunatosha?

Kijana wa Njiro

Dada chemsha tu, acha kupoteza hela. Sisi tumekulia maji haya haya na tunatafuna mahindi ya kuchoma vizuri kabisa. Ukiwa na wasiwasi nunua maji ya dumu.

Mzee wa Maabara, Tengeru

Kijana, kutafuna si kipimo. Meno yenye madoa yanatafuna pia.

Mama Abby, nimefanya kazi ya kupima maji mkoa huu mpaka nikastaafu, kwa hiyo nivumilie kidogo. Watu wanauliza "chujio gani zuri" kabla hawajajua wanataka kutoa nini. Wewe umetaja vitu vitatu tofauti, na kila kimoja kina dawa yake.

Tope: linazuiwa na mkebe wa kwanza, ule wenye kitu kama uzi mweupe uliozungushwa. Hata kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa kinapunguza. Maji ya kwanza baada ya mgao usiyakinge ya kunywa, yaache yatoke. Bomba likikaa tupu linaweza kufyonza uchafu wa nje penye nyufa, ndiyo maana hata yakionekana meupe unayachemsha. Yakishatokota vizuri dakika moja yanatosha; hakuna haja ya kumaliza gesi.

Harufu ya dawa: hiyo ni klorini, na kwenye bomba ni habari njema, maana yake kuna kitu kinaua vijidudu njiani. Mkebe wa mkaa unaiondoa. Mkaa huo mara nyingi unatengenezwa kwa vifuu vya nazi, na wewe umetoka Tanga, vifuu unavijua. Lakini klorini ikishaondoka, maji hayana mlinzi tena, na mkaa uliochakaa unageuka makazi ya bakteria. Asiyebadilisha katriji kwa wakati ni heri asingefunga kabisa.

Sasa floraidi, ambayo ndiyo hasa uliyoiuliza. Hii haitoki kiwandani wala kwenye bomba bovu. Inatoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru, maji yanaiyeyusha yakipita chini. Ndiyo maana Maji ya Chai, Ngarenanyuki na Oldonyo Sambu watu wana meno hayo tangu enzi za babu zetu. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi tuliruhusu hadi 4, baadaye kiwango kikashushwa hadi 1.5. Ndani ya mji chemchemi moja na nyingine hazilingani, kisima na kisima hivyohivyo, na maji ya bomba yanachanganywa. Kwa hiyo kipimo cha jirani yako hakikuhusu.

Kuchemsha hakuitoi. Mvuke unapaa, floraidi inabaki sufuriani, yaani unaiongezea ukali kidogo. Mkaa wa vifuu hauitoi. Mshumaa wa udongo mweupe wa kwenye ndoo za chujio unazuia bakteria, floraidi unaiacha ipite. Kama mikebe yako mitatu ni uzi, mkaa na mkaa, basi muuzaji kakuuzia maneno.

Njia za kuitoa ninazoziamini ni tatu: RO, ambapo maji yanasukumwa kwa nguvu kupita kwenye utando, alumina (punje za madini ya aluminiamu) iliyoandaliwa maalumu, na mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Huu wa mwisho ni wa kwetu kabisa. Kituo cha Ngurdoto cha Wizara ya Maji kimeufanyia kazi miaka mingi. Mfupa ukiungua vibaya maji yananuka na kuwa ya njano, ukiungua kupita kiasi ukawa mweupe unapoteza nguvu. Na pale Taasisi ya Nelson Mandela, Dakta Askwar Hilonga alibuni chujio la mchanga na chembe za nano linalopangwa kufuata uchafu wa eneo husika. Mwaka 2015 likampa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi.

Mmachame, Moshi

Mzee shikamoo. Mama Abby, hamia Moshi tu, maji yetu ya chemchemi za Kilimanjaro unakunywa na unacheka mdomo wazi 😂

Mzee wa Maabara, Tengeru

Marahaba. Maji yenu mazuri, sikatai. Lakini magadi mnayotia kwenye kiburu, ndizi zenu za maharage, mmeyapima? Magadi mengi ya kaskazini hii yana floraidi nyingi kuliko maji yenyewe. Mama Abby, na wewe kwenye maharage ya mtoto usiyatie.

Fundi Bomba, Sakina

Niongeze kwenye RO kabla hajanunua. Presha. Mashine nyingi zinataka kama bar 3. Mita kumi za kimo ndiyo bar moja, sasa simtank ya kwenye mnara wa mita nne inakupa nini? Utaweka pampu, pampu inataka umeme. Halafu kwa lita moja safi inamwaga lita mbili mpaka nne, na wewe uko kwenye mgao. Yanayomwagwa kinga kwenye ndoo, deki na choo.

Mama Abby, Kwa Mrombo

Mzee shikamoo, asante sana. Nyumba si yangu, kutoboa ukuta mwenye nyumba hataki hata kusikia. Kuna kale kakalamu ka kupimia maji wanauza mtandaoni elfu thelathini, nichukue?

Mzee wa Maabara, Tengeru

Marahaba mwanangu. Kakalamu hako kanapima jumla ya chumvi zilizoyeyuka. Floraidi miligramu 3 ndani ya chumvi mia kadhaa hakawezi kuitofautisha. Kanafaa kwa mwenye RO, ajue kama utando bado unafanya kazi.

Fanya hivi. Chukua chupa ya plastiki safi, si ya kioo, isuuze kwa maji yaleyale, ijaze, peleka maabara ya maji waombe wapime floraidi peke yake. Hiyo haihitaji kuchokonoa vipimo vyote. Ukitaka na vijidudu, waombe wao chupa yao, maana ile inaandaliwa.

Ikitoka chini ya 1.5, endelea kuchemsha na laki nne yako itunze. Ikizidi, usihangaike kusafisha maji ya nyumba nzima. Kuoga na kufua hakuna neno. Shida ni ya kunywa, uji na kupikia, na kwa mtoto huyo ni lita chache kwa siku. Ndoo ya mkaa wa mifupa inakaa juu ya meza, haitaki umeme wala ukuta. Maji ya mvua yanayokingwa safi kwenye bati zuri nayo hayana floraidi ya kuhesabu, ila yachemshe.

Usichelewe sana, meno ya kudumu ya mbele yanajengeka ndani ya fizi miaka hii hii ya mwanzo. Akishafika minane hivi, hatari ya madoa kwenye hayo inakuwa imepita. Na dawa ya meno mpakie kiasi cha punje ya mchele, maana umri huo anaimeza.

Mama Abby, Kwa Mrombo

Hiyo ndoo ya mifupa nitajuaje imechoka? Mkaa wa kawaida angalau harufu inarudi.

Mzee wa Maabara, Tengeru

Hutajua kwa ulimi, floraidi haina ladha wala rangi. Inabidi upeleke tena chupa maabara kila baada ya muda, na anayekuuzia akuambie ndoo yake inabeba lita ngapi kwa maji ya kiwango chako, siyo "inakaa miezi sita" kwa kila mtu. Asiyeweza kujibu hilo, muage.